Kikaratasi kilichokuwa mezani: vyombo vya usalama visipoambiana, mbona dawa tunanyweshwa sisi?

Swali limekuja hivi, nalifupisha kidogo: "Mwalimu, kila shambulio likitokea ndani ya nchi tunaambiwa taarifa zilikuwepo ila vyombo havikuambiana. Haipiti muda inaletwa sheria mpya ya kusikiliza simu zetu na kutuweka mahabusu siku nyingi zaidi. Kama waliokosea ni wao kwa wao, mbona dawa tunanyweshwa sisi? Na kuna njia nyingine kweli, au ndo tuzoee?"

Ndugu yangu, ngoja nianze na kikaratasi. Tarehe 22 Julai 2011, saa tisa na dakika 25 alasiri, bomu lililipuka kwenye majengo ya serikali pale Oslo, Norway, watu 8 wakafa. Dakika kama kumi hivi baadaye raia mmoja akapiga simu polisi akasema nimemuona mtu kavaa kama polisi, kofia ngumu, bastola mkononi, anatembea peke yake akitokea upande wa mlipuko, kaingia kwenye kigari cha mizigo, namba zake hizi hapa. Yaani namba kamili za gari! Aliyepokea simu akaona hii nzito, akaiandika kwenye kikaratasi cha njano, vile vya kubandika, akanyanyuka mwenyewe akakipeleka mpaka meza ya ofisa aliyekuwa anaongoza operesheni, na huyo ofisa muda ule alikuwa na simu sikioni. Kikaratasi kikalala pale mezani kama dakika 20. Tangazo la nchi nzima la kuitafuta ile gari likatoka zaidi ya saa moja baada ya mlipuko, na sehemu nyingi hata hawakuliona. Muda wote huo jamaa yuko barabarani anaelekea kisiwa cha Utøya, na karibu saa mbili baada ya bomu akaanza kuwapiga risasi watu waliokuwa kwenye kambi ya vijana wa chama cha siasa. Wakafa 69, wengi wao vijana wadogo.

Sasa niambie, ni sheria gani ya kusikiliza simu ingekinyanyua kile kikaratasi pale mezani?

Na sio hicho tu. Miezi kadhaa kabla, jina la yule muuaji lilikuwa limeshafika idara ya usalama ya Norway kwenye orodha iliyotoka forodha, kwa sababu alikuwa ameagiza vitu fulani kutoka Poland. Orodha ikakaa. Tume iliyochunguza ikatoa ripoti Agosti 2012, na kwa maneno yangu mimi ilisema shida kubwa ilikuwa uongozi na mawasiliano kuliko upungufu wa watu wa kufanya kazi. Siku tatu baadaye mkuu wa polisi wa nchi akaachia ngazi. Sitaki kuwafanya malaika, nao baadaye waligusa gusa sheria zao za ugaidi, lakini angalia walianzia wapi, walianzia mezani.

Nimesoma ripoti nyingi za tume za namna hii, ndo kazi yangu, na nakwambia ukizisoma tano utaona umesoma moja mara tano. Taarifa ilikuwepo. Ilikuwa kwa fulani. Fulani hakumwambia fulani, au alimwambia kwa namna ambayo haikusaidia. Watu wanadhani sababu ni wivu tu, na wivu upo jamani nisiseme uongo, mafahali wawili zizi moja, kila idara inataka ionekane yenyewe ndo iliyokamata ili bajeti ya mwakani inenepe. Lakini wivu ni sehemu ndogo. Sababu inayouma zaidi ni ya kikazi kabisa na ukiielewa utaona hata wewe ungefanya vilevile.

Chukulia wewe ni kachero, una mtu wako ndani ya kikundi. Anakwambia Ijumaa kuna lori linaingia, na waliojua habari ya lori ni watu wanne tu akiwemo yeye. Ukiandika "Ijumaa, lori" na polisi wakaenda kulisubiri, usiku huohuo wale wengine wataanza kuhesabu vichwa, na mtu wako atakutwa mtaroni. Kwa hiyo unafanyaje? Unaiosha ile taarifa. Inatoka kwako ikiwa imeandikwa "kuna uwezekano wa tukio la kigaidi siku za karibuni, vyombo viwe macho." Inamfikia mkuu wa kituo cha polisi kule chini, ambaye kwa mwezi huo hii ni ya thelathini ya aina hiyohiyo, na zote zinasema awe macho. Ataikunja ataiweka kwenye faili. Likitokea la kutokea, kachero atasema niliwaambia, polisi atasema hukuniambia kitu, na wote wawili wanasema kweli! Hapo hujaongeza shida nyingine ya mahakamani, kwamba kachero akishirikiana na polisi kupita kiasi, wakili wa mtuhumiwa anaweza kusimama akadai kuonyeshwa taarifa ilitoka wapi, basi mtu wako anaanikwa hadharani. Wengi wanaona bora kesi ife kuliko mtu wao afe.

Marekani kabla ya tarehe 11 Septemba 2001 shida hii walikuwa wameipa mpaka jina, waliiita "ukuta," yaani ukuta kati ya watu wa ujasusi na wapelelezi wa kesi za jinai. Shirika la ujasusi la CIA lilijua tangu Januari 2000 kwamba wanaume wawili, Khalid al-Mihdhar na Nawaf al-Hazmi, walihudhuria kikao cha al-Qaida kule Kuala Lumpur, na kwamba mmoja wao ana viza ya Marekani. Wakaingia Marekani mwezi huohuo. Wakakaa San Diego kwa majina yao halisi, wakasoma urubani, Hazmi jina lake lilikuwa kwenye kitabu cha namba za simu cha mji, kitabu kile cha kawaida ambacho mtu yeyote angefungua. Majina yao yaliingizwa kwenye orodha ya wanaofuatiliwa mwisho wa Agosti 2001, na FBI, shirika la upelelezi wa ndani ya nchi, walipoanza kumtafuta Mihdhar, mpelelezi mmoja wa New York aliyekuwa anashughulika na kesi za jinai za al-Qaida akaomba aingie kwenye msako, akaambiwa wewe huruhusiwi, hii ni ya upande wa ujasusi. Akajibu kwa barua pepe iliyojaa hasira, akasema kuna siku mtu atakufa kwa ajili ya mambo haya na wananchi hawatatuelewa. Hiyo ilikuwa tarehe 29 Agosti. Siku 13 tu baadaye wale wawili walikuwa miongoni mwa walioteka ndege za Septemba 11.

Lakini hapa ndo nataka utulie kidogo, maana wengi wakisikia habari ya ukuta wanasema basi ubomolewe, ulijengwa na wajinga. Haukujengwa na wajinga. Kati ya 1956 na 1971 FBI ilikuwa na programu ya siri ya kuvuruga vyama na watu ndani ya nchi, ikaitwa COINTELPRO, na mwaka 1964 walimtumia hadi Martin Luther King barua isiyo na jina yenye kumtisha, pamoja na sauti walizorekodi kwenye vyumba vya hoteli. Watu walijua habari za programu ile baada ya kikundi cha raia kuvunja ofisi ndogo ya FBI huko Pennsylvania Machi 1971 na kuondoka na mafaili. Ndo likaja bunge kuchunguza, na mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kusema mkitaka kusikiliza simu ndani ya nchi kwa ajili ya ujasusi lazima mwende mahakamani, mahakama maalumu. Ukuta ulikua kutoka hapo, taratibu, wanasheria wakiogopa kwamba polisi watapitia mlango wa ujasusi, ambao ni mwepesi, kupata ushahidi ambao mlango wa kawaida ungewakatalia. Yaani ukuta uliwekwa kulinda uhuru wa watu, halafu maofisa kwa uwoga na kutoelewa wakaupandisha juu kuliko hata sheria ilivyotaka. Kwa hiyo ukiniuliza kama uratibu na haki za raia zinagombana, jibu langu ni ndiyo, wakati mwingine zinagombana kweli, na anayekwambia hazigombani kabisa anakuuzia kitu.

Sasa tuje kwenye dawa. Tarehe 26 Oktoba 2001, wiki sita na ushee baada ya ndege zile, Rais akasaini sheria ndefu ya kupambana na ugaidi, ile ya PATRIOT. Seneti ilipita kwa kura 98 kwa 1, huyo mmoja ni Russ Feingold. Humo ndani kulikuwa na vitu vya maana, kupunguza ule ukuta kwa mfano, na vitu vilivyokuwa vinasubiri kwenye droo za maofisa miaka mingi vikapata gari la kupandia. Mwaka 2013 ndo ikajulikana kwamba kifungu kimoja cha sheria ile, cha 215, kilikuwa kinatumika kuzoa kumbukumbu za simu za karibu kila mtu nchini, nani kampigia nani, saa ngapi, dakika ngapi. Bodi rasmi ya serikali ya kusimamia faragha ikakaa ikapitia, Januari 2014 ikasema haikupata hata kesi moja ya tishio kwa Marekani ambapo programu ile ilileta tofauti ya maana kwenye uchunguzi wa ugaidi. Hata moja. Na hii inaeleweka ukikumbuka San Diego, maana kama ni kutafuta sindano kwenye nyasi, pale nyasi hazikuwa chache, sindano walikuwa wameshaishika mkononi, halafu dawa waliyochagua ni kuongeza nyasi.

Upande wa uratibu wakaunganisha idara 22 zikawa wizara moja kubwa, mwaka 2003 ikaanza kazi, wakaweka na mkurugenzi wa juu wa ujasusi wote, kituo cha kuunganisha taarifa, mabilioni ya dola. Haya, Novemba 2009 mzee mmoja wa Nigeria, mtu mzito tu wa mambo ya benki, akaenda mwenyewe ubalozi wa Marekani Abuja akasema mwanangu ananitisha, yuko Yemen, kaingia kwenye mambo ya siasa kali. Mzazi kamripoti mwanae. Ubalozi ukatuma taarifa, ila jina lilikosewa herufi, kwa hiyo walipoangalia kama kijana ana viza mashine ikasema hana. Anayo. Siku ya Krismasi akapanda ndege kwenda Detroit na kilipuzi kwenye chupi. Kilichowaokoa ni kwamba kilipuzi kiligoma na abiria wakamrukia. Kila idara mpya ilikuwepo kwenye chati, herufi moja ikawashinda.

Mpaka hapa unaweza kusema basi wape ruhusa waambiane kila kitu, bila mipaka. Subiri nikwambie habari ya Maher Arar. Huyu ni raia wa Kanada mwenye asili ya Syria, injinia. Septemba 2002 alikuwa anapita New York kurudi nyumbani, akashikwa, akapelekwa Syria, akateswa, akakaa huko karibu mwaka mzima. Kosa lake? Polisi wa Kanada walikuwa wamewapa Wamarekani mafaili yote ya upelelezi wao bila kuyachuja, na humo yeye na mkewe wameelezewa kuwa ni watu wa msimamo mkali wanaoshukiwa kuwa na uhusiano na al-Qaida, maneno ambayo jaji aliyechunguza, Dennis O'Connor, mwaka 2006 alisema hayakuwa na msingi wowote. Serikali ya Kanada ikamuomba radhi na kumlipa dola za Kanada milioni 10.5. Hapo uratibu haukushindwa, ulifanya kazi vizuri mno, taarifa ilisafiri haraka, ila ilikuwa takataka na hakukuwa na mtu aliyeulizwa una uhakika? Na ukidhani yanawapata wageni na watu wasio na jina tu, mwaka 2004 Seneta Ted Kennedy alieleza kwamba alizuiwa viwanja vya ndege mara kadhaa sababu jina lake lilifanana na la mtu kwenye orodha. Yeye seneta, ana namba ya simu ya waziri, na bado ilimchukua wiki kadhaa kujinasua. Mimi na wewe je.

Mbona basi dawa tunanyweshwa sisi? Kwa sababu sheria ni rahisi, hiyo ndo siri yenyewe. Muswada unaandikwa wikiendi, unapigiwa kura, kunapigwa picha, waziri anaonekana kafanya kitu. Kumlazimisha mkuu wa idara A akae na mkuu wa idara B, wabadilishe fomu, mifumo ya kompyuta isomane, ofisa wa zamu afundishwe nini cha kufanya simu ya raia ikiingia, hiyo ni kazi ya miaka, haina picha, na itagusa mtu mkubwa. Waingereza walipolipuliwa baa za Birmingham tarehe 21 Novemba 1974, watu 21 wakafa, sheria ya kuzuia ugaidi ilipita ndani ya siku nane tu, na jina lake kabisa lilisema ni ya muda. Ya muda! Ikawa inahuishwa na kuandikwa upya mpaka mwaka 2000, walipoamua kutunga ya kudumu.

Kuna gharama nyingine ambayo wanasiasa hawaihesabu kabisa, na mimi naiona ndo kubwa kuliko zote. Rudi kwenye mifano yangu utazame taarifa nzuri ilitoka wapi. Oslo ilitoka kwa mpita njia. Abuja kwa baba mzazi. Hakuna aliyedukua simu, watu walikwenda wenyewe kwa miguu yao, bure, kwa sababu waliamini wakisema hawatageuziwa kibao. Sasa chukua Ireland ya Kaskazini, Agosti 1971, jeshi la Uingereza lilizoa watu zaidi ya 340 alfajiri moja, wafungwe bila kesi. Orodha ilikuwa imechakaa, imejaa waliokwisha acha harakati zamani na wengine wasiohusika kabisa, zaidi ya 100 wakaachiwa ndani ya siku mbili. Mpaka zoezi linafungwa 1975 waliowekwa ndani walifika 1,981, na kikundi walichotaka kukiua, kile cha wapiganaji wa IRA, kikapata vijana kuliko mwanzo. Mama anayeona kijana wa jirani amechukuliwa usiku hajarudi, akiona kitu cha ajabu kwa mwanae mwenyewe, ataenda kituoni? Atafunga mlango akae kimya. Uingereza tena, mwaka wa 2009/10, zaidi ya watu laki moja walisimamishwa na kupekuliwa barabarani chini ya kifungu cha ugaidi ambacho polisi hakuhitaji hata kukushuku, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekamatwa kwa kosa la ugaidi. Laki moja ya watu wamekasirika, na hujapata kitu. Mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya ndo ikasema Januari 2010 kwamba kifungu kile kinavunja haki ya faragha.

Njia nyingine ipo, ila haina mvuto. Mimi naamini zile kinga zinazoitwa usumbufu, kwamba ofisa aende kwa hakimu kuomba kibali, aandike anamtaka nani na kwa nini, kila anayefungua faili abaki na jina lake kwenye kumbukumbu, jina la mtu likiingia kwenye orodha kuwe na tarehe ya kuliangalia tena, hizo hizo ndo dawa ya uratibu pia. Ofisa aliyelazimishwa kuandika sababu anagundua mwenyewe kama sababu ipo. Faili lenye majina ya waliolisoma linakwambia kesho liliishia meza ya nani. Arar angepona kwa swali moja la "una uhakika?", na Detroit nako kwa mtu mmoja wa kuuliza "jina hili limeandikwa sawa?" Ni kazi ileile. Kwa hiyo muswada ukija, kabla hujasoma vifungu vya adhabu, tafuta kama kuna ripoti ya wazi ya nini kilikwama kwenye tukio lililopita, na kama sheria ina tarehe ya kufa yenyewe. Mara nyingi sheria inatangulia, ripoti inafuata au haifuati kabisa.

Kenya waliipitia yote hii ndani ya muda mfupi, na namaliza na hiyo. Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lilivamiwa Septemba 2013, watu 67 waliuawa, kikosi maalumu cha polisi kilikuwa kimeshaingia ndani, jeshi likaja bila kuelewana nao, askari polisi akauawa kwa risasi za wenzao na vikosi vikarudi nyuma, jengo likashikiliwa siku nne. Manahodha wawili chombo kimoja. Ikafuata misako ya Aprili 2014, maelfu wakazolewa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na wengine kukusanywa uwanja wa Kasarani. Desemba 2014 ikapita sheria ya kurekebisha sheria za usalama, bungeni watu wakirushiana ngumi na maji, na tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu 8, kimojawapo kikiwa cha kubana wakimbizi wasizidi 150,000, vingine vya kubana vyombo vya habari. Kifungu kilichoweka kituo cha taifa cha kuratibu mapambano dhidi ya ugaidi hakikuguswa, kikabaki. Siku 38 baadaye, Aprili 2, Chuo Kikuu cha Garissa kikavamiwa alfajiri, wakafa 148, na kuna waliosema mnaona sasa, majaji ndo hao. Kikosi maalumu cha polisi, cha Recce, kilichokuwa Nairobi kilifika mchana, na kilipoingia kazini jioni kiliimaliza kwa muda mfupi. Kilichochelewa siku ile ni usafiri, na kati ya vile vifungu 8 vilivyofutwa hakuna hata kimoja kilichohusu usafiri.